Kura Kwanza

Saa kumi na robo, Tabata Kimanga bado imejifunika.
Nawasha kompyuta kabla sijanawa uso,
maana nikinawa naanza kuwa mtu wa watu:
nakumbuka kodi, nakumbuka uniti za luku,
nakumbuka mhariri aliyesema Ijumaa, na Ijumaa ni kesho.

Meza yangu ni cherehani isiyo na kichwa.
Kichwa kiliuzwa mwaka wa msiba; miguu ikabaki.
Ninapotafuta neno nakanyaga pedeli,
gurudumu linazunguka, halishoni kitu,
na Bi Stumai, anayekanda unga upande wa pili wa ukuta,
huuliza, "Leo umeshona magauni mangapi?"
"Kola moja," namjibu. "Nimeifumua."

Betri inashika dakika arobaini.
Hiyo ndiyo nidhamu yangu, sina nyingine.
Wenzangu wana programu za kuwahesabia maneno;
mimi nina mgao.
Flashi naivaa shingoni kwa uzi wa kiatu, kama hirizi,
na kila aya ikikamilika najitumia mwenyewe barua pepe.
Barua zinazonifikia kila siku bila kukosa ni zangu.

Programu hii haijui Kiswahili.
Inapiga mstari mwekundu chini ya "huzuni", chini ya "ugali",
chini ya "tumeshindwa",
ukurasa mzima kama umechanjwa kwa wembe.
Yaliyopita salama ni "mate", "pole" na "wake".
Nikayatazama yalivyokaa safi, matatu,
nikaona ni ndoa nzima.

Halafu mwezi wa tatu chai ilimwagika.
Haikuwa nyingi. L ikafa.
Fundi Sabasi wa Mtaa wa Aggrey akasema elfu ishirini na tano,
nikasema nitarudi, kama tunavyosema wote.
Sura ya tisa haikungoja. Nikaweka R pahali pa L,
nikijiambia nitasahihisha baadaye:

"Akarara chari, hakutaka kura.
Mrango urikuwa wazi."

Nikaondoa mikono kwenye vitufe.

Baba hakuwa na L. Alitoka Tarime bila herufi hiyo,
na miaka thelathini ya ukarani bohari ya reli haikumpa.
Wenzake walimwomba aseme "lori la lulu", wapate kucheka.
Na mimi, Mungu anisamehe, nikiwa darasa la sita,
nilimsahihisha mbele ya wageni.
Akanyamaza. Akasogeza sahani upande wangu:
"Kura kwanza, Robi. Utanifundisha ukishiba."

Robi.
Sasa ndiyo naona: katika majina yote ya dunia
alichagua ambalo angeweza kuliita.

Nikaandika sura nzima hivyo. Ya kumi pia.
Hela ya kitufe niliipata Aprili; nikaila, makusudi.

Sasa L imerudi, nyeupe kuliko herufi nyingine,
kama jino la kubandika.
Nikaiamuru mashine: kila R iwe L.
Ikatii kwa sekunde moja. Ikaniletea
"habali", "balabala", "Dal es Salaam",
na juu kabisa, chini ya jina la kitabu, "Lobi".
Nani huyo? Nikarudisha yote nyuma.

Tangu hapo nasahihisha kwa mkono, neno moja moja,
kurasa mbili kwa asubuhi,
na kila L ninayoirudisha
inamsogeza mtu karibu na mlango.
Mhariri atapata nakala safi kesho, au Jumatatu.
Ile nyingine iko shingoni.

Bi Stumai anagonga ukuta: chapati tayari.
Luku inalia. Betri imebakiza dakika nne
na kuna mstari mmoja haujakaa vizuri,
nimeukanyagia pedeli tangu alfajiri.
Nafunga mfuniko.
Kura kwanza.